Kuzipu na Kufungua Zipu Kwenye Desktop za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Kila Siku

Haya maswali nimeyakusanya kwenye meza ya duka langu la stesheneri, ambapo nina desktop za zamani, Pentium 4 moja isiyokufa na Core 2 Duo mbili, na karibu kila siku kuna mtu anakuja na flashi akisema "kaka hii faili imegoma kufunguka". Wanaouliza wanabadilika, maswali ni yale yale. Nimeyapa namba ili pale ambapo jibu lipo mahali pengine nikuelekeze tu nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuzipu ni kufanya nini hasa?

Ni mambo mawili yanafanyika kwa pamoja na watu wanayachanganya. La kwanza ni kukusanya, unachukua mafaili mia mbili yaliyotawanyika unayafunga furushi moja. La pili ni kubana, yaani programu inasoma faili na ikikuta kitu ambacho kilishapita haikiandiki tena, inaandika kitu kama "rudi nyuma hatua elfu mbili, chukua herufi ishirini na tano". Chukua orodha ya wanafunzi 600 ambayo kila mstari una maneno "Shule ya Sekondari", maneno yale yanaandikwa kamili mara moja halafu kwingine kote ni kuelekezana tu. Wazo hilo walilitoa Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977, na mpaka leo ndio msingi wa ZIP, RAR na 7z zote tatu.

Hakuna kinachopotea. Ukifungua unapata faili ile ile herufi kwa herufi, sio kama kupunguza picha ambapo ubora unaondoka.

Na hapana, jina halikutokana na zipu ya suruali. Lilichaguliwa kwa maana ya kwenda kasi, ile zipu kwenye picha ya folda ilikuja baadaye na Windows. WinZip yenyewe alama yake ilikuwa kabati la mafaili limebanwa kwenye jiliwa la fundi, ambayo naona ndio picha ya kweli zaidi.

2. ZIP, RAR na 7z zina tofauti gani?

ZIP ndio mzee wa hapa. Mmarekani Phil Katz aliitoa na programu yake PKZIP mwaka 1989, baada ya kushtakiwa na kampuni ya SEA kuhusu programu yake ya awali iliyokuwa inashughulikia fomati yao ya ARC. Badala ya kuendelea kubanana nao akatengeneza fomati yake na akaweka maelezo yake hadharani, mtu yeyote aandike programu ya kuifungua. Ndio sababu leo kila kifaa kinafungua ZIP, hadi simu.

RAR ni ya Mrusi Eugene Roshal, ni kifupi cha Roshal ARchive, yaani ile R ya kwanza ni jina lake. Programu yake ni WinRAR, ile ya vitabu vilivyofungwa mkanda. Inabana vizuri kuliko ZIP na ina kitu kizuri sana cha kujitibu faili ikiharibika (swali la 11). Tatizo, kutengeneza RAR unahitaji programu yao, wengine wameruhusiwa kufungua tu.

7z ni ya Mrusi mwingine, Igor Pavlov, 7-Zip yake ilianza 1999 na ni ya bure kabisa. Mara nyingi inabana kuliko zote, ila kwenye mashine dhaifu inakula RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), soma swali la 7 kabla hujaweka "Ultra", kiwango cha kubana sana, kwa mbwembwe.

Ushauri wangu: faili la kumpa mtu mwingine weka ZIP basi, hujui upande wa pili ana kompyuta gani. 7z na RAR tumia kwa vitu vyako mwenyewe.

3. Nina Windows XP, au 98, au 7 ya 32-bit. Niweke programu gani?

Kwa XP na 7 weka 7-Zip ya 32-bit, umemaliza. Inafungua ZIP, RAR, 7z, ARJ, TAR, CAB na hata ISO. Ukitaka WinRAR kwenye XP mwisho ni 6.02, kuanzia 6.10 wakaikataa. Kwa Windows 98 (wapo, usicheke, kuna mashine ziko maofisini zinaendesha kitu kimoja tu miaka yote) tafuta 7-Zip 9.20 ya mwaka 2010 au WinRAR 3.93.

Kabla ya kuinstoli angalia kwanza mashine ni ya biti ngapi, bofya kulia My Computer halafu Properties. Faili la x64 (yaani la 64-bit) kwenye Windows ya 32-bit halifunguki kabisa, na watu wanakimbilia kusema programu ni mbovu.

4. Browser ya XP inagoma kufungua tovuti ya kudaunlodi, nifanyeje?

Browser za zamani hazijui usalama wa tovuti za sasa, kwa hiyo zinakataa au zinaonyesha ukurasa mweupe. Daunlodi kwa simu halafu hamisha kwa waya wa USB. Pia angalia saa ya kompyuta, ikiwa inasoma mwaka 2003 hata browser nzuri itagoma (swali la 17). Na chukua kwenye tovuti ya mwenye programu, zile kurasa zenye vitufe vitano vya kijani vya "Download" vinne kati yake ni mitego.

5. WinRAR inasema siku 40 zimeisha, itajifunga?

Haijifungi. Itakusumbua na lile dirisha la kukukumbusha ununue, ukilifunga inaendelea na kazi. Kisheria baada ya siku 40 unatakiwa ulipie, hasa kama ni ofisi. Kama hutaki kulipa na hutaki dhambi, 7-Zip ipo bure hata kwa biashara. Zile "keygen" (programu za kutengeneza leseni bandia) za WinRAR ziache kabisa, unaingiza vairasi kwa ajili ya kuondoa kidirisha tu.

## Kubana

6. Nimezipu picha 300 za harusi na saizi imebaki ile ile. Nimekosea wapi?

Hujakosea. JPEG, MP3, MP4 zote tayari zimebanwa na kamera au programu iliyozitengeneza, marudio yote yameshaondolewa, sasa zipu ikipita hapo haikuti cha kubana. Ni kama kukamua chungwa lililokwisha kamuliwa. Mara nyingine faili linaongezeka kidogo kwa sababu furushi lenyewe nalo lina maandishi yake.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba hata .docx, .xlsx na .apk ni ZIP zilizovaa jina lingine. Hutaki kuamini? Kopi faili la Word, badilisha mwisho wake liwe .zip, lifungue, utaona folda ndani. Kwa hiyo hizo nazo hazipungui. Vinavyopungua kweli ni .txt, .csv, .doc ya zamani, .bmp na database, hizo unaweza kuona MB 100 inashuka vibaya mno.

Picha bado zina faida ya kuzipu, unahamisha furushi moja badala ya vitu 300, na kwenye USB ya zamani kukopi faili moja kubwa ni haraka kuliko mia tatu ndogo.

7. Nikibana na 7-Zip kompyuta inaganda mpaka mausi haitembei. Kwa nini?

RAM. ZIP ya kawaida ikitafuta marudio inakumbuka KB 32 tu za nyuma, ilitengenezwa kwa mashine za miaka ya tisini, ndio maana ni nyepesi. 7z inaweza kukumbuka MB 64 za nyuma, na hapo ndipo inapopata ubora wake, ila kwa kubana inahitaji kama mara kumi na moja ya kumbukumbu hiyo. Yaani Ultra yenye dictionary (ndio hiyo kumbukumbu ya nyuma) ya MB 64 inataka karibu MB 700 za RAM. Sasa una Pentium 4 yenye MB 512, Windows inaanza kutumia hadi diski kama RAM, unasikia diski inakwaruza tu kama panya ndani ya dari.

Kwenye dirisha la 7-Zip imeandikwa "Memory usage for Compressing", itazame kabla ya kubonyeza OK. Kwenye MB 512 mimi naweka dictionary MB 8 au 4 na mambo yanaenda. Kufungua ni kwepesi zaidi, faili la dictionary ya MB 64 linahitaji kama MB 66 tu kufunguka. Lakini kama unatengeneza kitu kitakachofunguliwa na mashine ya MB 128 hata hiyo 66 ni mzigo.

8. Flashi ina nafasi GB 10 lakini inakataa faili la GB 5, inasema haina nafasi. Nifanyeje?

Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 (namna ya kupanga mafaili kwenye flashi) na FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe GB 64. Dawa ni kukata vipande. 7-Zip ina sehemu "Split to volumes, bytes", andika 1000m, utapata .001, .002 na kuendelea. WinRAR inatoa part1, part2. Vipande hivyo vinafunguliwa namna yake, swali la 12.

Unaweza pia kufomati flashi iwe NTFS, ila redio ya gari na dekoda nyingi zitaikataa halafu utanirudia.

9. Nataka kutuma kwa imeili, inagoma.

Gmail mwisho ni MB 25 kwa viambatanisho vyote kwa pamoja. Na kama ndani ya zipu kuna .exe itakataa hata kama ni KB 10, inachungulia ndani. Ya kwanza tatua kwa kukata vipande au kupakia Google Drive na kutuma linki, ya pili usihangaike kuidanganya, tuma linki.

## Kufungua

10. Nilifungua zipu, nikahariri Word humo humo, nikasevu, sasa kazi haionekani. Nisaidie!

Hili swali ndilo linaloniumiza kuliko yote, maana anayeuliza mara nyingi ni mwanachuo siku moja kabla ya kuwasilisha. Kuna dada mmoja alihariri sura nzima ya utafiti namna hiyo usiku kucha.

Kinachotokea ni kwamba ukibofya faili ndani ya zipu bila kulitoa, kompyuta inatoa kopi ya muda kwenye folda ya Temp na wewe unahariri ile kopi. WinRAR na 7-Zip ukimaliza zinauliza kama ziingize mabadiliko ndani, watu wanabonyeza No bila kusoma, au wanafunga zipu kabla ya Word. Folda ya zipu ya Windows yenyewe haiulizi chochote.

Usizime kompyuta na usifute chochote. Nenda Start, Run, andika %temp% ubonyeze Enter. Tafuta folda zinazoanza na "Rar$" kama ulitumia WinRAR, "7zO" kama ni 7-Zip, au "Temporary Directory 1 for" ikifuatiwa na jina la zipu yako kama ni Windows XP (kwenye Windows 7 inaanza na "Temp1_"). Panga kwa tarehe. Yule dada tuliikuta yake kwenye ya tatu, alilia pale pale dukani. Kama haipo fungua Word ujaribu orodha ya mafaili ya karibuni, ikikosekana na huko basi imekwenda.

Siku nyingine: bofya kulia, Extract, kisha ndio uhariri.

11. Inaniambia "Unexpected end of archive" au "CRC failed". Faili limekufa?

Ni magonjwa mawili tofauti. "Unexpected end" maana yake faili limekatika, mara nyingi bando liliisha au flashi ilichomolewa kabla ya kukopi kumalizika. Linganisha saizi na ya asili, daunlodi upya. ZIP ina tabia moja, orodha ya yaliyomo inakaa mwishoni, kwa hiyo likikatika mkia hata kidogo Windows inasema faili ni batili japo asilimia 95 ya vitu iko salama ndani. Hapo WinRAR ina kitufe cha Repair, kinapita faili zima kikiokota kimoja kimoja bila kutegemea orodha.

"CRC failed" ni kwamba faili ni kamili kwa urefu ila kuna biti zimebadilika. Kila faili likifungwa linawekewa namba ya ukaguzi, likifunguliwa namba inapigwa tena, zisipofanana ndio ujumbe huo. Kopi tena kutoka chanzo. Ikija CRC kwenye kila faili unalogusa, hata mapya, basi mshuku RAM ya kompyuta, kwenye desktop za zamani nimeshakuta mara kadhaa, unatoa RAM unaifuta miguu yake kwa raba ya penseli unarudisha.

Kwenye WinRAR kuna pia "Keep broken files" wakati wa kutoa, inakuachia faili hata likiwa na kasoro. Kwa maandishi inasaidia.

Na hapa ndipo 7z na RAR za "solid" zinaumiza. Solid ni pale mafaili yote yanabanwa kama kamba moja ndefu, saizi inashuka vizuri, ila likiharibika la katikati yanayofuata nyuma yake yanaweza kwenda nayo. ZIP kila faili limebanwa peke yake. Vitu vya kutunza miaka mingi mimi naweka RAR na nachagua "Add recovery record", inaongeza saizi kidogo ila uharibifu mdogo inajitibu yenyewe.

12. Nina part1 mpaka part6, nazifunguaje?

Weka zote kwenye folda moja, usibadilishe majina, fungua part1 tu (au .001), nyingine inazifuata yenyewe. Usifungue kila moja. Ikikosekana hata moja ya katikati huwezi kupata faili kubwa lililopita humo. Zile za zamani zinaanza na .rar halafu .r00, .r01, hapo fungua .rar.

13. "Unknown format or damaged", lakini kwa rafiki yangu inafunguka vizuri.

Wewe una WinRAR ya zamani. Mwaka 2013 WinRAR 5 ilileta fomati mpya, RAR5, jina la nje ni lile lile .rar lakini WinRAR 4 kushuka chini haiielewi. 7-Zip 9.20 nayo haiifungui. Ongeza toleo kulingana na swali la 3, au mwambie akutumie ZIP.

14. Majina ya mafaili yanatoka alama za ajabu.

Yanawapata zaidi wanaotumiwa vitu vyenye majina ya Kiarabu au Kichina, mfano ndugu aliyeko Muscat amezipu huko. Zipu ya XP haijui Unicode, ule mfumo wa kuandika herufi za lugha zote. Fungua na 7-Zip.

15. Diski C ina GB 2, faili likifunguliwa ni GB 1.5, bado inasema hakuna nafasi.

Unalivuta kwa mausi kutoka dirisha la 7-Zip, sio? Ukivuta linatolewa kwanza Temp kwenye C halafu ndio linakopiwa unakotaka, kwa hiyo linahitaji nafasi mara mbili. Tumia kitufe cha Extract uchague D moja kwa moja.

## Paswedi na vairasi

16. Nimesahau paswedi, na je paswedi ya zipu ni salama?

Kama ni AES (njia imara ya kufunga kwa siri) ya 7z au RAR na paswedi ilikuwa ndefu, pole. Hakuna mlango wa nyuma, anayekwambia atakufungulia kwa elfu hamsini anataka elfu hamsini. Kama ni fupi kuna programu za kubahatisha ila Pentium 4 itabahatisha mpaka wajukuu.

ZIP ina aina mbili. Ile ya zamani, ZipCrypto, ilivunjwa na watafiti Biham na Kocher mwaka 1994, mtu akiwa na kipande cha faili mojawapo lililomo ndani anaweza kufungua mengine. Kwenye 7-Zip chagua AES-256. Sasa shida, zipu ya ndani ya XP haifungui AES, mpokeaji lazima awe na 7-Zip au WinRAR. Na kumbuka ZIP hata ikiwa na paswedi majina ya mafaili yanaonekana, "orodha_ya_mishahara.xls" kila mtu anaisoma. 7z na RAR zina "Encrypt file names".

Kuhusu vairasi: kuwa ndani ya zipu hakuui vairasi, kunamfungia tu. Angalia kitu kama picha.jpg.exe, Windows inaficha ile .exe ya mwisho usipobadilisha mipangilio. Na WinRAR yenyewe ilikutwa na tundu lililokaa karibu miaka 19 kwenye sehemu ya kufungua fomati ya ACE, wakaiondoa kwenye 5.70 mwaka 2019, halafu lingine wakaliziba kwenye 6.23 mwaka 2023. Umeona tatizo? XP inaishia 6.02. Kwa hiyo XP usiipe zipu za kutoka kwa watu usiowajua, hasa kama ndio yenye hesabu za ofisi.

## Yasiyo ya kawaida

17. Mafaili niliyotoa yana tarehe ya mwaka 1980, au 2002.

Betri ya ubao mama imekufa, ile ya duara CR2032, badilisha. Kompyuta ikizimwa inasahau mwaka, na zipu inarekodi tarehe za mafaili jinsi kompyuta ilivyoyaandika. Tarehe ya ZIP inaanzia 1980 kwa sababu ilirithi ya DOS, ndio maana ikikosa tarehe inaangukia huko.

18. Umeme umekatika katikati ya kuzipu.

Mafaili yako ya asili hayajaguswa. Ukiwa unaongeza kwenye zipu iliyopo, 7-Zip na WinRAR zinaandika pembeni kwanza kisha zinabadilishana mwishoni, kwa hiyo ile ya zamani ipo. Futa tu mabaki ya .tmp uanze tena. Hatari ni kama uliweka tiki "Delete files after archiving". Usiiweke mpaka ubonyeze Test na ipite, mimi hata ikipita nasubiri kesho.

19. Nimepata flopi za mzee zenye mafurushi ya zamani ya .arj na .lzh.

Usifungue ukiwa kwenye flopi. Kopi kwanza kila kitu kwenda diski, maana flopi ya miaka ya tisini inaweza kukubali kusomwa mara moja tu na ikianza kutoa mlio wa kukwaruza muda wake umebaki mdogo. Zikishakuwa kwenye diski 7-Zip inafungua zote mbili. ARJ ikiwa imekatwa kwenye flopi kadhaa utakuta .arj, .a01, .a02, ziweke zote folda moja. Flopi moja ikigoma geuza drive, yaani jaribu kwenye kompyuta nyingine, vichwa vya drive hizi vinapishana na kilichoandikwa na moja kinaweza kusomwa na moja tu. Nilishasoma flopi nne za mtu kwa drive tatu tofauti.